Kamera Ifundishwe Palepale Inapofanyia Kazi

Kazi yangu ni kuzunguka na masanduku ya kamera za video, Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Unguja, na mara nyingine Mombasa, nikiwafundisha watu wa televisheni, wapiga picha za harusi na vijana wanaorekodi ibada. Safari zenyewe zina masharti yake. Betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi ndani ya ndege, wala haziwekwi kwenye mizigo ya chini, na ile inayozidi wati-saa 100 huhitaji ridhaa ya shirika la ndege. Ndiyo maana betri nyingi kubwa za kamera hutengenezwa zikiishia 98 au 99. Unguja nako, lenzi iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi hushika ukungu mara inapokutana na hewa ya pwani, na kuifuta hakufai kitu mpaka kioo kipate joto, kwa hiyo begi hulitoa nje mapema likiwa limefungwa.

Wenyeji wangu hupenda maonyesho yafanyike katika ukumbi wa mikutano, kwenye viti na skrini kubwa. Mimi huomba tutoke, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba mtu hajaijua kamera mpaka ameitumia katika mwanga atakaofanyia kazi. Mwanga wa kwetu saa sita mchana hauna huruma, na nyuso zetu ndizo zinazoumia. Msimamishe bibi harusi mwenye shela jeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kisha uiache kamera ijiamulie: itaupunguza mwanga kwa kuuogopa ule weupe, na uso wa bibi harusi utazama gizani. Hapo ndipo ninapowafundisha kupima mwanga wa uso kwanza, kisha kutazama mistari ya pundamilia, ile ambayo kamera huichora kwenye skrini juu ya sehemu zenye mwanga mkali, ili kujua ni sehemu gani ya shela inayokaribia kuungua, yaani kubaki weupe mtupu. Sony FX6, iliyotoka mwaka 2020, ina kichujio cha ndani kinachopunguza mwanga polepole bila kugusa tundu la lenzi, na nikikizungusha mbele yao wakaona anga ikirudi kadiri picha nzima inavyopungua mwanga, maswali hayaishi.

Jambo jingine ninalolisisitiza ni umeme. Ndugu wengi hutuma kamera kutoka Marekani zikiwa zimepangwa kwa umeme wa hezi 60, ilhali wa kwetu ni wa hezi 50. Chini ya taa za mirija za ukumbini, shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ikiwa 1/60 ya sekunde, picha hupepesa na michirizi hupita ukutani. Ikishushwa hadi 1/50, kwa fremu 25 kwa sekunde, picha hutulia papo hapo. Mteja aliyelipia harusi yake hapaswi kuiona michirizi hiyo.

Siku ya mwisho huirudisha kamera kwenye mpangilio wa kiwandani na kuwataka waipange upya wenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila mimi kuigusa. Maswali yanayonifuata baadaye kwa simu mara nyingi ni ya sauti, na sasa ninawaomba wenyeji waitengee sauti siku yake, kwani hotuba ya baba wa bibi harusi isiyosikika hairudiwi.