Siku niliyotengeneza sledi ya msumeno wa meza

Kipindi kile nilikua natengeneza kabati dogo la ukutani lenye milango miwili, na kila nikiunganisha fremu kona tatu zinafunga vizuri afu ile ya nne inaacha mwanya, nakaza klampu mpaka gundi inachuruzika pembeni na bado wapi. Skwea, kile kipimo cha kona, ilikua inasema mbao ziko sawa kabisa! Tatizo lilikua ile geji ya kukatia iliyokuja na msumeno, yaani kile kifaa cha kuegemezea mbao ukiisukuma kwenye bledi, ilikua inacheza kwenye mfereji wake, ukisukuma inasogea kidogo huku na huku, sasa hapo utapata wapi nyuzi 90.

Mjomba wangu ni seremala wa siku nyingi, akaja akaitikisa akasema "Mpwa, achana na hii, tengeneza sledi." Sledi ni ubao wenye reli chini zinazoteleza kwenye mifereji ya meza, unabeba mbao unayoikata mpaka kwenye bledi. Basi nikaanza.

Kwanza nikachomoa umeme nikacheki kama bledi imenyooka na mifereji ya meza, unaweka alama ya kalamu kwenye jino moja, unapima kutoka mferejini likiwa mbele, unalizungusha liende nyuma unapima tena, jino lilelile. Ilikua poa. Reli nikazichonga kwa mbao ngumu na hapa ndo nilikaa sana, maana mifereji ina upana wa milimita 19 na reli inatakiwa iteleze bila kucheza hata kidogo, kwahiyo unapitisha randa mara moja unajaribu, msasa kidogo unajaribu. Nikaziinua kwa washa, vile vyuma bapa vya duara vya kuweka chini ya nati, zilizowekwa chini mferejini, nikapaka gundi, nikashusha plaiwudi ya milimita 12 juu yake nikaweka uzito.

Sasa fensi, ule ubao wa kuegemezea kitu unachokata, ambayo ndo roho ya sledi nzima. Nikaifunga skrubu moja tu upande mmoja na upande wa pili nikaubana na klampu ili iweze kuzunguka, afu nikafanya ile njia ya kukata mara tano, ambayo mimi naiamini kuliko skwea yoyote. Unachukua kipande cha plaiwudi, changu kilikua kama milimita 400 kila upande, unakata ukingo mmoja, unakigeuza ule ukingo uliokatwa uegemee fensi, unakata tena, hivohivo pande zote nne. Mkato wa tano unarudia ule ukingo wa kwanza na unatoa utepe mwembamba, na huo utepe umebeba kosa lote likiwa limejirudia mara nne, yaani kitu ambacho jicho halikioni kinakua kikubwa cha kupimika.

Nikaupima unene kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, ncha moja 24.6 nyingine 23.4. Tofauti ni milimita 1.2, gawa kwa 4 unapata 0.3 kwa urefu wa 400. Kutoka kwenye skrubu hadi kwenye klampu ilikua 600, kwahiyo fensi ilitakiwa isogee 0.45 tu. Nikabana kipande cha mbao nyuma yake kikiigusa, nikalegeza klampu nikasukuma fensi mbele kidogo, nikachomeka katikati fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, za 0.45, nikairudisha fensi mpaka fila geji zikakaa bila kulegea, nikakaza klampu nikarudia mikato yote. Safari hii tofauti ikawa 0.08, ukigawa unabaki na 0.02! Nilifurahi sana aisee, hapohapo nikapiga skrubu ya pili. Nikagundisha na kigogo kinene nyuma ya fensi pale bledi inapotokea, maana vidole gumba hupenda kushika hapohapo, hicho usikiache kabisa.

Jioni nikakata upya mbao za fremu, nikapaka gundi, klampu nikazikaza kidogo tu na kona zote nne zikafunga. Mjomba akapitisha ukucha kwenye maungio, akaisukuma sledi mbele na nyuma, afu akaniomba nimtengenezee ya kwake ila yenye fensi ndefu zaidi, kwasababu yeye anakata mbao za milango mikubwa.