Eti huko ukimchapa mtoto wanakunyang'anya?

Desemba Wachaga tunarudi nyumbani Kilimanjaro, na mimi nikifika Moshi sikosi kuulizwa: eti ni kweli huko Uingereza ukimchapa mwanao serikali inambeba? Mwaka huu aliyeuliza ni baba mdogo, Kibosho, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa imeshazunguka, na kwa kweli hakuwa anauliza. Alikuwa ameshatoa hukumu. Wazungu wanavunja familia za watu, na sisi manesi wa Kiafrika tulioko huko ndio masikio yao.

Nilimwambia jambo ambalo hakulitegemea. Scotland walipiga marufuku kumchapa mtoto mwaka 2020, Wales 2022, lakini England ninakofanya kazi sheria bado inamwachia mzazi nafasi ya kujitetea kwamba alitoa adhabu ya kiasi. Kinachotufanya tunyanyue simu kutoa taarifa mara nyingi si kofi alilokiri mzazi. Ni jeraha ambalo maelezo yake hayaingii akilini.

Mtoto wa miezi mitatu hajigongi popote. Hatambai, hasimami, basi akiletwa na alama ya kuvilia damu shavuni, hata iwe ndogo kiasi gani, anaonwa na daktari wa watoto siku hiyo hiyo. Aliyeanza kutembea ni habari nyingine. Magoti, ugoko na paji la uso hupata kipigo cha sakafu kila siku, na mimi mtoto wa miaka miwili asiye na alama hata moja ugokoni ndiye hunishangaza. Lakini sikio? Shingo? Kifua na mgongo? Kwa aliye chini ya miaka minne, sehemu hizo haziumii ovyo kwa kuanguka tu. Kwenye kuungua tunaangalia mpaka wa jeraha: chai ikimwagika hutiririka na kuacha kingo zisizo na mpangilio, ila mguu ulioshikiliwa ndani ya maji ya moto huachwa na mstari ulionyooka, kama mtu aliyevaa soksi. Na kuna yasiyo ya ngozi kabisa. Ameumia jana asubuhi, analetwa leo usiku. Mama anasema kaanguka kitandani, baba anasema ngazini. Mtoto akiulizwa jambo, kabla hajafungua mdomo anamtazama mtu fulani kwanza.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha kumtia mtu hatiani, na mimi sina kazi ya kumtia mtu hatiani. Hapo ndipo baba mdogo aliponikatalia kabisa, akisema usipokuwa na uhakika unyamaze. Kazini kwangu ni kinyume: shaka ikiwa na msingi inatosha kutoa taarifa, na uhakika unatafutwa na waliopewa kazi hiyo. Mimi naandika nilichokiona, ukubwa wake na rangi yake, nakichora kwenye picha ya mwili iliyomo ndani ya faili. Maneno ya mtoto nayaandika alivyoyasema, bila kumnyooshea lugha. Simwulizi "ni baba aliyekupiga?" namwuliza "ilikuwaje?" Simwahidi siri, maana sitaweza kuitunza. Kisha nazungumza na muuguzi wa hospitali anayesimamia ulinzi wa watoto, na taarifa inakwenda idara ya ustawi wa watoto ya halmashauri. Wao, pamoja na polisi na madaktari, ndio wanaoamua kama kuna la kuchunguza. Wakati huo huo madaktari wanatafuta pia magonjwa yanayofanana na kipigo: mifupa dhaifu ya kurithi, matege, damu isiyoganda. Mzazi kwa kawaida anaambiwa kinachoendelea, isipokuwa pale ambapo kumwambia kunaweza kumhatarisha mtoto zaidi. Wapo wanaorudi nyumbani na mtoto wao mkononi, wamekasirika, na nawaelewa.

Mwafrika kwenye wodi ya watoto ana faida moja ambayo baba mdogo hakuifikiria. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya bluu-kijivu kiunoni na makalioni. Bibi yeyote wa Moshi anayajua, lakini mtu ambaye hajawahi kuyaona anaweza kudhani mtoto kapigwa. Kuvilia damu hubadilika rangi kwa siku chache na huuma. Baka la kuzaliwa linabaki vile vile kwa miezi, hata miaka. Ndiyo maana nawasisitiza akina mama wetu wa huku: hakikisheni yameandikwa kwenye rekodi ya mtoto tangu anapozaliwa.

Kwa upande mwingine, kuujua utamaduni kunaweza kutupofusha. Nilimsimulia baba mdogo habari za Victoria Climbié, kwa sababu inafanana mno na mambo yetu. Alizaliwa Ivory Coast, wazazi wake wakamkabidhi kwa shangazi wa ukoo akasome Ulaya. Nani hapa Kilimanjaro hajawahi kumpeleka mtoto kwa ndugu mjini akasome? Mwaka 1999 alifikishwa hospitali mbili tofauti London. Katika ya kwanza alama zake zilichukuliwa kuwa upele. Mfanyakazi wa ustawi alipoambiwa kwamba mtoto husimama wima kwa woga mbele ya walezi wake, alidhani ni heshima na utii wa familia za watu weusi. Alifariki Februari 2000 akiwa na miaka 8, na mwilini mwake zilihesabiwa alama 128. Ripoti ya uchunguzi ulioamriwa na serikali na kuongozwa na Lord Laming, iliyotoka 2003, ilionyesha ni mara ngapi angeweza kuokolewa. Watu waliofikiri wanaheshimu mila yetu ndio waliomwacha.

Baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema hayo ni ya huko huko. Si ya huko. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Binamu yangu, ambaye ni nesi wa zahanati, alikuwa anamenya ndizi pembeni na hakuwa amesema kitu. Alipoongea alinigeukia mimi. "Dada, wewe ukishapiga simu unapanda basi unakwenda kwako. Mimi na mama wa mtoto tuko kikoba kimoja, na mwenyekiti wa kitongoji ni shemeji yake."

Sikuwa na la kumpinga. Sheria anayo: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi wanakotoa PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, kuna simu ya bure 116 ambayo haimlazimu kupita kwa shemeji ya mtu. Kinachomshinda ni jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ni la kuombea msamaha. Mkosaji akija nalo mkononi, na mbuzi nyuma yake, ukoo unaona vigumu kukataa msamaha. Ni desturi nzuri kwa watu wazima waliogombea mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Ila aliyeumizwa ni mtoto, na kwenye kikao hicho hakuitwa. Na kama ni ubakaji, dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Ukoo ukipanga kukaa Jumapili ijayo, muda umeshapita.

"Haya, na usiku huo mtoto atalala wapi?" baba mdogo akauliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kweli. Nilimwambia England huwa tunamlaza wodini, hata kama jeraha halihitaji kitanda, mpaka ustawi wapate pa kumpeleka. Binamu akasema zahanati yao haina wodi, kwa hiyo yeye huandika rufaa kwenda hospitali mjini, anasindikizana na mtoto mwenyewe, na akiwa njiani anampigia afisa ustawi wakutane hukohuko. Nauli anatoa mfukoni mwake.