Kebo za madabodi: kuingia si kufaa

Kompyuta ya mezani ukishaiunganisha ikagoma kuwaka, usikimbilie kununua RAM (kumbukumbu). Angalia kebo kwanza. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi, ndipo utie mkono ndani.

Kebo kubwa, inayotoka pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme) kwenda kwenye madabodi (bodi kuu), ina pini 24, na mara nyingi imegawika 20 na 4. Shikanisha vipande viwili, kandamiza mpaka kilimi cha plastiki kinase. Bodi ikipinda, ishikilie ukingoni.

Inayosahaulika ni kebo ya prosesa (ubongo wa kompyuta): pini 8, zilizogawika 4 na 4, na tundu lake huwa kona ya juu karibu na prosesa. Isipochomekwa, feni huzunguka, taa huwaka, skrini hubaki giza. Hapo ndipo bodi nzima husingiziwa imekufa. Kebo ya kadi ya grafiksi nayo ina pini 8, ila hugawika 6 na 2, na nyaya zake za volti 12 ziko upande wa pili ukilinganisha na ile ya prosesa. Pini zimechongwa tofauti ili zisibadilishane. Ukiona unahitaji nguvu za bega, acha. Siku hizi nyaya nyingi ni nyeusi tupu, kwa hiyo soma maandishi kwenye kichwa cha kebo: CPU (prosesa) au PCIe (kadi ya grafiksi).

Pawa saplai ya kebo za kuchomoa ina mtego mbaya zaidi. Upande wa kifaa ni wa kawaida, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, wakati mwingine hata kati ya modeli zake mwenyewe. Ukiazima kebo ya SATA (ya umeme wa diski) kutoka pawa saplai nyingine, volti 12 zinaweza kuangukia njia ya volti 5. Diski inaweza kuungua papo hapo.

Mashine za mtumba zinazojaa madukani Nairobi na Dar es Salaam zina mambo yake. Dell OptiPlex 9020 hutumia kebo kuu ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 pini 6, na umeme wa diski hutoka kwenye bodi yenyewe. Pawa saplai ya kawaida haitaingia bila adapta ya modeli hiyohiyo. "Zinafanana" ya muuzaji isikutoshe.

Tuje kwenye nyaya nyembamba za mbele ya kasha. Kwa kawaida huingia kwenye pini 9 za bodi, nafasi ya 10 haina kitu. Pini 1 na 3 ni taa ya diski, 2 na 4 taa ya kuwaka, 5 na 7 kuanzisha upya, 6 na 8 kitufe cha kuwashia. Vitufe havijali chanya wala hasi. Taa hujali: chanya huenda 1 na 2, na ukigeuza haiwaki tu, haiharibiki. Kujaribu bodi nje ya kasha, gusanisha 6 na 8 kwa ncha ya bisibisi mara moja.

Kwenye bodi, tundu la USB 2.0 halina pini ya 9, la sauti halina ya 8, ndivyo unavyoyatofautisha. USB 3.0 ni pini 19 laini sana. Ichomeke wima, na siku ya kuichomoa usiitikise, maana tundu zima linaweza kung'oka.

Feni ya prosesa ikae CPU_FAN, la sivyo bodi nyingi zitalalamika kila ukiwasha. Feni ya pini 3 huingia kwenye tundu la pini 4, ila chagua DC (kasi hupangwa kwa volti) ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya bodi. Ikibaki PWM (kasi hupangwa kupitia pini ya nne) itanguruma kwa kasi yote. Taa za rangi za volti 5 zina pini 3, za volti 12 zina pini 4. Usilazimishe.

Mwisho, kama kuna kadi ya grafiksi, kebo ya monita iende kwenye kadi, si kwenye bodi.