Alfajiri Mbili Saiwa

Mjomba ameishi Kitale tangu nikiwa mtoto, na kila nilipompigia simu kutoka Kisumu wito wake ulikuwa uleule: "Njoo, mpwa, nikuonyeshe nzohe, yule swala wa kinamasi." Novemba 2018 nilimwitikia. Matatu ilipita Kakamega, Webuye na Kiminini, na kuanzia hapo mahindi yalikuwa yameanikwa kila palipo na uwazi.

Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Mimi ni mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, nimelelewa na kelele. Kitale saa tatu usiku ilikuwa imekwisha kunyamaza, ikasalia mbwa mmoja wa mbali na baridi iliyopenya blanketi mbili. Saa kumi na moja kasoro Mjomba akagonga mlango. Mkaza mjomba alikuwa ameshajaza chai chupani.

Tulipanda matatu ya Kapenguria, tukashuka njiapanda ya Kipsaina, kisha boda hadi lango la Saiwa. Hifadhi hii ndiyo ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, haifiki kilomita tatu za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mwenye kwato ndefu zinazopanuka akikanyaga tope. Gari haliingii ndani. Unatembea juu ya mbao zilizotandazwa kwenye maji, kisha unapanda jukwaa ambalo Mjomba huliita dungu, kama lile la kuwingia ndege shambani.

Tulikaa dunguni hadi saa nne. Tuliwaona korongo taji na kima wenye ndevu nyeupe kama wazee wa baraza. Nzohe hakutokea. Nilihuzunika sana, maana nilikuwa nimemngoja mnyama huyo miaka mingi.

"Jua likipanda, yeye hulala ndani ya matete," Mjomba akasema. "Kwetu ni karibu tu. Keshokutwa tunarudi."

Kesho yake alimwomba jirani pikapu, tukapitia Endebess hadi lango la Chorlim la hifadhi ya Mlima Elgon. Pango la Kitum linaingia mlimani kiasi cha mita 200, na tembo huja usiku, gizani kabisa, kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Niliiona mikwaruzo ya pembe hizo, mirefu, mingine juu ya kichwa changu. Nikaweka kiganja kwenye mmoja, mkono wote ukazama. Nilimwaza tembo akipapasa njia kwa mkonga, ndama akimfuata nyuma, kama walivyofanya mama zao na bibi zao. Askari aliyetuongoza alitukataza kusogea waliko popo. Wageni wawili waliozuru pango hili, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua ugonjwa wa virusi vya Marburg baadaye wakafa. Tulimtii bila swali.

Usiku huo nililala fofofo. Ukimya ulionisumbua juzi nilikuwa nimeshauzoea, na mlango ulipogongwa nilikuwa na viatu miguuni.

Saiwa ilikuwa imefunikwa na ukungu mzito. Tulipanda dungu lilelile, tukakaa bila kusemezana. Ukungu ulipoanza kuinuka niliona matete yakitikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo. Akatoka jike, rangi ya udongo mwekundu, mistari myeupe hafifu ubavuni. Alikanyaga taratibu, maji yakimfika tumboni, akasimama, akakata jani, akatafuna huku masikio yakizunguka. Nyuma yake akatokea mtoto. Nilishika pumzi. Nilitamani sana kuinua simu nipige picha, lakini niliogopa hata mlio wa kitambaa cha koti langu.

Nilimgeukia Mjomba. Huwaona wanyama hawa kila mwaka, nami nilidhani atakuwa akinitazama mimi ninavyofurahi. Alikuwa amevua kofia, ameikumbatia kifuani, macho yake kwa yule mtoto.

Dakika kumi, labda na zaidi. Kisha wakaingia matete ya upande wa pili, maji yakatulia.

Saa tatu unusu tulikuwa tumerudi Kitale. Mkaza mjomba alitutazama usoni mara moja tu, hakuuliza, akaanza kumimina uji.