Kumbukumbu ya mradi wangu: Nat King Cole, nyimbo mbili na mwaka 1956

Mradi huu niliuanza Januari kwa tamaa iliyozidi uwezo wangu. Nilikusudia kusikiliza kila alichorekodi Nat King Cole, mpiga piano na mwimbaji wa jazi wa Marekani, kuanzia santuri zake za ujana hadi zile za miezi michache kabla ya kifo chake cha tarehe 15 Februari 1965, na kujaza ukurasa mmoja wa daftari kwa kila siku aliyoingia studio. Kufikia Machi nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja, na hesabu ikanionyesha kwamba kwa mwendo ule ningezeeka kabla ya kufika katikati. Nimepunguza. Sasa mradi una nyimbo mbili na mwaka mmoja tu.

Mwaka huo ni 1956, na sababu ya kuuchagua ni hadithi ambayo mimi mwenyewe niliiamini kwa muda mrefu. Wapenzi wengi wa jazi humsimulia Cole kana kwamba alikuwa watu wawili. Wa kwanza ni mpiga piano: kijana aliyezaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, akakulia Chicago akimsikiliza mpiga piano Earl Hines, na mwaka 1937 akaunda kundi lake huko Los Angeles pamoja na mpiga gitaa Oscar Moore na mpiga besi Wesley Prince. Piano, gitaa na besi, bila dramu. Umbo hilo lilimvutia mpiga piano Oscar Peterson baadaye, na mwimbaji Ray Charles alianza kazi kwa kumwigiza Cole waziwazi. Wa pili ni mwimbaji wa mapenzi, aliyevuma kwa Nature Boy mwaka 1948 na kwa Mona Lisa mwaka 1950, akisimama mbele ya fidla nyingi huku piano imefunikwa. Kwa masimulizi hayo, wa pili alimuua wa kwanza kwa ajili ya fedha; lakini mwaka 1956 wote wawili waliingia studio.

Hapa lazima niseme neno kuhusu jina lenyewe la jazi, kwa sababu nimeulizwa mara mbili na watu wa nyumbani. Kwetu neno jazi limekaa kwenye majina ya bendi za dansi, kama Western Jazz na Morogoro Jazz, ambazo muziki wake una gitaa tatu na mwendo wa rumba. Mtu aliyelelewa na nyimbo hizo akiwekewa Cole husubiri gitaa la solo liingie, na haliingii.

Kuhusu vifaa sina mengi. Mashine ya kuchezea santuri niliipata ikiwa imetumika, nikabadilisha sindano na mkanda. Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua, kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja, mkusanyiko wa rekodi za miaka ya 1940 uliouzwa kwa sifa ya stereo. Rekodi za wakati ule zilikuwa za mono, yaani sauti zote katika njia moja, bila pande mbili za stereo. Miaka ya 1960 makampuni yalizigawa kwa ujanja wa mitambo, sauti za chini upande mmoja na za juu upande mwingine, ili zionekane za kisasa. Matokeo yake, besi ilisikika kama inapigwa chumba cha pili na sauti ya Cole ikawa na mwangwi wa bafuni. Nilipoteza wiki mbili nikidhani masikio yangu yana kasoro. Tangu hapo nanunua mono, au naacha.

Wimbo wa kwanza ni Sweet Lorraine, ambao Cole aliurekodi mwaka 1940, akaurudia mwaka 1943 alipojiunga na kampuni ya rekodi ya Capitol, kisha akaurudia tena mwaka 1956. Rekodi mbili za kwanza zina kipimo cha santuri ya inchi kumi, yaani kama dakika tatu, na kila kitu kimepangwa ili kitoshee: anaimba, wanapiga, anarudi kuimba, kwisha. Ya mwaka 1956 imo katika albamu ya After Midnight, iliyorekodiwa Hollywood kati ya Agosti na Septemba na kutolewa mwaka uliofuata. Cole anaimba na kupiga piano mwenyewe, akiwa na John Collins kwenye gitaa, Charlie Harris kwenye besi na Lee Young kwenye dramu, na wageni wakaalikwa mmoja mmoja. Juan Tizol na tromboni yake anasikika katika Caravan, ambao yeye ni mmoja wa watunzi wake, na Stuff Smith na fidla yake katika Sometimes I'm Happy. Katika Sweet Lorraine mgeni ni Harry Edison, mpiga tarumbeta aliyetoka bendi ya Count Basie, na wimbo unavuka dakika nne bila mtu kuonekana ana haraka.

Njia yangu ya kusikiliza ni ya kitoto kidogo. Niliandika maneno ya wimbo kwa kalamu ya wino, kisha kwa penseli nikaweka nukta chini ya neno lililoanguka sawasawa na pigo la besi, na mshale wa kulia chini ya neno lililochelewa. Rekodi ya 1943 ilikuwa tayari na mishale mingi kuliko nilivyotarajia. Ya 1956 ilijaa mishale hadi penseli ikachafua karatasi. Cole huacha pigo lipite kwanza, ndipo aweke neno, na ucheleweshaji huo si wa uvivu, kwa maana mwisho wa mstari huwa amekwisha kufika pale anapotakiwa kuwa. Jambo lililonishughulisha zaidi ni jina lenyewe. Sisi tumezoea maneno yanayoishia kwa irabu, na mwimbaji wetu wa taarabu akitaka kurefusha hurefusha irabu hiyo, akaipindapinda hadi pumzi imwishie. Lorraine linaishia kwa n. Cole haikimbii n hiyo. Huiachia irabu mapema, hufunga ulimi taratibu, na sauti inaendelea kulia puani kama kamba ya besi iliyokwisha kuguswa na kuachwa.

Mjomba wangu, ambaye amepiga kinanda kanisani kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuja jioni moja nikiwa katikati ya kazi hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba aliketi, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akauliza, "Mpiga piano ni nani?"

"Ni huyohuyo anayeimba, mjomba."

"Acha utani, baba. Hawa ni wawili. Mmoja anamjibu mwenzake."

Nilimwonyesha jalada. Akaomba niirudishe sindano mwanzo, na safari hii alikuwa akigonga goti kwa kidole kila piano ilipojaza nafasi baada ya mstari. Aliposikia kwamba mama yake Cole alikuwa mpiga ogani wa kanisa na baba yake mhubiri wa Kibaptisti, alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

Ndipo nikahamia wimbo wa pili, ambao ni Stardust. Muziki wake ni wa Hoagy Carmichael, na maneno ni ya Mitchell Parish, aliyeandika pia maneno ya Sweet Lorraine. Jambo hilo sikulijua nilipochagua, na limenirahisishia ulinganisho. Cole aliurekodi Desemba 1956 kwa ajili ya albamu ya Love Is the Thing, akiwa na okestra iliyopangwa na kuongozwa na Gordon Jenkins. Yaani mji uleule, kampuni ileile, na miezi mitatu au minne tu tangu rekodi ile na Harry Edison. Safari hii kazi yake ni kuimba tu. Fidla za Jenkins ni nzito, na sitaficha kwamba mahali pengine katika albamu hiyo zinanichosha kama chai iliyozidi sukari.

Lakini Stardust una utangulizi mrefu ambao waimbaji wengi huuruka ili wafike haraka kwenye sehemu inayojulikana. Cole anauimba wote, na katika utangulizi huo hakuna pigo la kushikilia; fidla zinangoja yeye aseme. Niliweka penseli chini, kwa kuwa nukta na mishale havikuwa na maana tena. Nikapima pumzi badala yake. Kila mstari ameukata pale ambapo mpiga piano angeinua mguu kwenye pedali: sauti ya nyuma inakatika safi, kimya kifupi, kisha rangi mpya. Sehemu inayojulikana ilipoingia, nikashika tena penseli, na mishale ikarudi ikiegemea kulia kama ile ya Sweet Lorraine. Kwa hiyo ukurasa wangu wa hadithi ya watu wawili nimeupiga mstari. Piano ilifunikwa, ila muda wa mpiga piano ulibaki mdomoni.

Mwaka huohuo una mambo mengine ambayo sikuyatafuta na siwezi kuyaacha nje. Tarehe 10 Aprili, huko Birmingham, katika jimbo alilozaliwa, wanaume Wazungu walipanda jukwaani akiwa anaimba mbele ya hadhira ya Wazungu watupu, wakamwangusha. Novemba alianza kipindi chake cha televisheni katika mtandao wa NBC, kikaendelea hadi Desemba 1957 bila kupata mdhamini wa kitaifa, naye akakifunga. Nilirudia After Midnight nikiyajua hayo, nikitafuta dalili ya hasira au uchovu katika sauti. Sikuipata, na kwa siku kadhaa jambo hilo lilinisumbua kuliko kama ningeipata.

Kinachobaki sasa, kama nyongeza kwa zile nyimbo mbili, ni kulinganisha rekodi ya It's Only a Paper Moon ya mwaka 1943 na ile ya 1956, kisha nitaongeza ukurasa wa Route 66, wimbo wa Bobby Troup ambao Cole aliurekodi 1946 na kuurudia katika albamu hiyohiyo. Kazi imesimama kidogo kwa sababu After Midnight iko kwa mjomba, aliyeiomba kwa siku mbili na hii ni wiki ya tatu. Jumapili iliyopita, katika ubeti wa mwisho wa wimbo wa sadaka, alichelewesha mpigo mmoja wa kinanda kwa makusudi, kidogo tu, na waimba soprano wote wakamtangulia. Kiongozi wa kwaya alimgeukia kwa jicho kali. Mjomba alikuwa akitazama vidole vyake.