Vidole vitatu chini ya mbavu

Mwanangu alikuwa na miezi minane alipovimba mikono na miguu. Asubuhi nilikuta viganja vimetutumka kama maandazi, na kila nilipomgusa alilia kilio nisichokijua. Mama mkwe akasema ni mchango. Jirani akasema mtoto kapigwa jicho. Nikamkanda kwa mafuta ya nazi siku tatu, naye akazidi kulia, maana kilichokuwa kinauma ni mifupa yenyewe.

Vipimo vilionyesha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi nimebeba vinasaba vyake na mume wangu pia, na hakuna kati yetu aliyejua. Daktari alituchorea nyuma ya karatasi ya vipimo: wawili wakikutana hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya huishi kama siku 120. Za mwanangu huishi 10 hadi 20, na zinapopinda kama mundu huziba mishipa, ndiyo maumivu yanakuja. Kwa Tanzania, akasema, wanakadiriwa kuzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hii kila mwaka. Nilimsikiliza macho makavu.

Nilikuja kulia nyumbani, kwa jambo jingine. Hapa mtaani kwetu, Makorora, kuna kijana mwembamba mwenye macho ya manjano, ambaye wiki nyingine haendi shule kabisa. Miaka miwili kabla mwanangu hajazaliwa tulikuwa kwenye shughuli ya harusi, wanawake tunachagua mchele, nikasema kwa sauti kwamba mama yake hamlishi, hela zote zinaishia kwenye madira. Nilipogeuka, mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Hakunijibu. Alikaa, akaendelea na mchele.

Mwezi wa saba, upepo wa kusi ukivuma na baridi ya alfajiri imeingia, mwanangu alianguka. Mchana alikuwa anatambaa, magharibi amelegea, midomo imekuwa myeupe, tumbo limejaa ghafla. Hospitali wakasema bandama imemeza damu, aongezwe damu usiku uleule. Mume wangu hakuwa na kundi linalofaa. Aliyetoa ni kijana wa bodaboda aliyetupeleka. Aliegesha pikipiki, akakunja mkono wa shati. Jina lake sikuwahi kuliuliza vizuri, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku zile nilikuwa naswali kwa hasira. Natoa salamu, nakunja msala, sina dua. Niombe nini? Na kama sababu ni mimi?

Siku ya pili wodini akaja yule mama, na chupa ya uji wa pilipili manga. Akamtazama mtoto, akauliza, "Walikufundisha kumshika bandama?" Nikasema hapana. Akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu vitatu chini ya mbavu za kushoto za mwanangu, akavisukuma taratibu. "Sikia hapo, panapogota. Kila asubuhi uwe unapapasa. Siku ukikuta imeshuka kuliko jana, usingoje chai, kimbia." Mkono wake ulikuwa mkavu, una harufu ya sabuni ya kufulia. Nikamwomba radhi pale pale, maneno yananitoka ovyo. Akasema, "Mwanangu, na mimi nilimsema mwenzangu hivyo hivyo, kabla sijampata wangu."

Usiku ule nikakumbuka dua ya Nabii Ayubu tuliyohifadhishwa chuoni, katika Suratul Anbiyaa. Nilikuwa naisoma tangu utotoni bila kuitazama. Anasema dhara imemgusa, na Mola ndiye Mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Basi, kaishia hapo. Hakusema niponye, hakuuliza kwa nini mimi. Aya inayofuata Mwenyezi Mungu anamwitikia na kumwondolea, najua. Wangu hajaondolewa. Lakini tangu usiku ule naweza kukaa kwenye msala nikasema hali ilivyo, na nikinyanyuka sijisikii kwamba nimesema peke yangu.

Sababu yenyewe nilikuja kuielewa baadaye, nayo imenilainisha. Mtu aliyerithi kinasaba hiki kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, ndiyo maana kimeenea kwetu kwenye mbu. Huenda bibi yangu aliuvuka utoto kwa sababu hiyo hiyo inayomtesa kitukuu wake. Siwezi kuilaani damu hiyo tena.

Sasa ana miaka minne. Kidonge cha foliki kila siku, penisilini asubuhi na jioni mpaka atimize miaka 5, chandarua, chupa ya maji begani hata akienda duka la pili. Yule mama na mimi tunapokezana kwenda wodini, mtaani wanapotuambia kuna mzazi mgeni wa maradhi haya. Tunapeleka uji. Mara nyingi hatusemi mengi, tunamwonyesha pa kuweka vidole.

Juzi niliamka nimechelewa, nahangaika na mkaa uliogoma kushika. Akaja jikoni na fulana kaipandisha hadi shingoni, tumbo wazi. "Mama, leo hujanishika."