Nilivyotoboa boksi la pikipiki ili lisinywe maji: uzoefu wa njia ya Manyovu

Boksi la nyuma ambalo mpira wa mfuniko wake umeziba vizuri ndilo linaloongoza kwa kulowesha mzigo kwenye njia za milimani. Bovu, linalopitisha hewa kila upande, hupata matone machache tu. Zima hunywa maji, na mwenye nalo hukimbilia kuongeza silikoni, jambo ambalo linazidisha tatizo. Mimi nimelimaliza kwa kufanya kinyume chake: nimelitoboa.

Hesabu yenyewe ni hii. Mjini Kigoma, kando ya ziwa, tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukishika lami ya Manyovu kutokea Mwandiga, unapanda hadi milima ya Buhigwe inayopita mita 1,500. Katika kimo chetu, kila mita 100 za kupanda hupunguza mgandamizo wa hewa kwa hektopaskali 10 hivi. Kwa hiyo mita 700 ni hektopaskali 70, au kwa kipimo cha geji ya tairi, psi 1. Inasikika kama kitu kidogo. Lakini mfuniko wa sentimita 40 kwa 40 una sentimita za mraba 1,600, na psi 1 ikiulalia wote ni nguvu ya kilo 110 na ushee.

Hakuna boksi la kawaida linalobeba kilo zote hizo bila kuvuja. Hewa itapita tu; suala ni itapita wapi.

Wakati wa kupanda, hewa ya ndani inasukuma mfuniko kwenda nje, ukingo wa mpira unanyanyuka kidogo na hewa inatoka taratibu. Madhara ni machache: komeo linakuwa gumu, mfuniko wa plastiki unavimba katikati, na ukifungua kwa pupa unaruka, kwa hiyo weka kidevu mbali. Plastiki nyembamba ikizoea mchezo huo hupasuka kwenye bawaba, kuanzia kwenye matundu ya skrubu.

Kuteremka ndiko kwenye kazi. Hewa ya nje sasa ina nguvu kuliko ya ndani, inaukandamiza mfuniko juu ya mpira, na mpira unaziba zaidi kuliko ulipofungwa kwa mkono. Boksi linarudi Mwandiga likiwa bado na hewa nyepesi ya mlimani. Hewa ya nje inatafuta penye udhaifu: ribiti, tundu la ufunguo, pini za bawaba, mahali ncha mbili za mpira zinapokutana. Kama mvua inanyesha, sehemu hizo tayari zina maji, na maji ndiyo yanayofyonzwa kwanza.

Mvua yenyewe ina mchango wake hata bila mlima. Boksi jeusi lililosimama juani linafika nyuzi 50 ndani bila shida. Likimwagiwa mvua likashuka hadi nyuzi 25, hewa iliyofungiwa humo inapoteza karibu asilimia 8 ya mgandamizo wake, ambayo ni sawa kabisa na kuteremka mita 700. Ndiyo maana watu wa Tabora, ambako ardhi ni tambarare, nao wanalalamikia maboksi kulowa. Kwenye njia ya Manyovu, ukiteremka siku kavu, joto la bondeni linakusaidia kidogo kwa sababu hewa ya ndani inatanuka. Mvua ikikukuta kwenye mteremko, msaada huo unaondoka na mambo mawili yanajumlishana. Maboksi ya alumini yanaathirika haraka kuliko ya plastiki, kwani yanapoa ndani ya dakika chache.

Kifaa ninachotumia ni valvu ya tairi za tyubulesi, ile fupi ya mpira anayokuwa nayo kila fundi pancha. Ina faida moja kubwa: imetengenezwa ijizibe yenyewe kwenye tundu la rimu, kwa hiyo haihitaji gundi. Tundu lake ni la milimita 11.5. Natoboa kwanza kwa biti ndogo ya milimita 3, kisha 6, kisha 10, halafu namalizia kwa tupa ya duara hadi valvu iingie kwa kubana. Ukiruka moja kwa moja hadi biti kubwa, plastiki inachanika na alumini inaacha tundu la pembe tatu. Kingo zisafishwe kwa msasa, la sivyo zitakata mpira wa valvu. Unaipitisha kutokea ndani, unaipaka maji ya sabuni, kisha unaivuta kwa koleo kutoka nje hadi shingo yake ikae. Ukuta mwembamba sana, chini ya milimita 1.5, huifanya ilegee. Hapo nabandika kipande cha plastiki kwa ndani ili kuongeza unene kabla ya kutoboa.

Kisha, na hili ndilo linalosahaulika, toa pini ya ndani ya valvu. Pini ikibaki, hujafanya kitu.

Mahali pa kutoboa ni ukuta wa mbele, unaotazama mgongo wa dereva, kama sentimita 5 chini ya ukingo wa mfuniko. Wengi wanapendekeza sakafu ya boksi kwa hoja kwamba maji yakiingia yatatoka humo humo. Sikubaliani nao: sakafuni mzigo unafunika tundu, na mfuko mmoja wa nailoni ukilala juu yake unafyonzwa na kuziba. Ukuta wa nyuma ni mbaya zaidi, kwa sababu pikipiki ikiwa kwenye mwendo, upepo unaozunguka nyuma yake hurudisha juu tope na maji ya tairi. Mbele pana kivuli cha dereva. Kwenye shina la valvu navalisha mpira wa petroli wa sentimita 15, nikiuchagua unaobana, na kuuelekeza chini hadi usawa wa keria, ncha yake ikiwa imekatwa mshazari ili tone lisikae na kuziba mdomo.

Usihofu kwamba tundu ni dogo. Boksi la lita 45 likiteremka mita 700 linahitaji kuvuta lita 3 na nusu hivi za hewa. Hata zikitakiwa zote ndani ya dakika mbili kwa sababu ya mvua, ni kama mililita 30 kwa sekunde, na tundu la milimita 3 au 4 linazipitisha bila boksi kuhisi. Kuongeza matundu hakuna faida, kunaongeza vumbi tu.

Zipo pia plagi maalumu zenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, zinazofungwa kwenye taa za nje na maboksi ya umeme. Zenye nyuzi za skrubu za ukubwa wa M12 huingia kwenye tundu la milimita 12 na kukazwa kwa nati. Masanduku magumu ya kampuni ya Pelican, yasiyopitisha maji, huja na valvu ya kusawazisha hewa kutoka kiwandani. Ni vitu vizuri, lakini mtu anayebeba mawese afikiri mara mbili: utando ukipata mafuta unaziba, na hutajua kuwa umeziba hadi mfuniko ugome.

Valvu ikishakaa, unakuwa umepata na mdomo wa kupimia. Funga boksi likiwa tupu, paka povu la sabuni kwenye kila ribiti, kwenye kitasa, bawaba na mzunguko wote wa mpira, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira wa petroli. Nguvu ya mapafu inatosha. Povu litachemka pale panapovuja. Usithubutu kutumia kompresa ya fundi pancha, italirarua boksi. Ribiti inayovuja naipaka silikoni kwa ndani baada ya kuisafisha kwa spiriti. Tundu la ufunguo haliwezi kuzibwa, kwa hiyo nalikatia kifuniko cha kipande cha tyubu kinachoning'inia juu yake. Sasa silikoni ina maana, kwa sababu boksi lina pengine pa kupumulia.

Mpira wa mfuniko ukiwa umekauka au umelala, mpira wa mlango wa gari kutoka duka la spea unafaa, ilimradi unene ulingane. Maungio yake yawe upande wa bawaba na yakatwe mshazari. Usiupake grisi wala dizeli, vinauvimbisha. Kidogo cha mafuta ya silikoni kinatosha.

Kwa boksi ambalo bado halijatobolewa na limegoma kufunguka bondeni, bisibisi si dawa, maana ndiyo inayokata mpira na kuacha njia ya kudumu ya maji. Liweke juani dakika chache, au mimina maji ya uvuguvugu juu ya mfuniko; hewa ya ndani itatanuka na mfuniko utaachia. Ukiwa na haraka, ingiza ukingo wa kadi ngumu ya plastiki kwenye kona moja hadi usikie hewa ikiingia. Vuta kona, usivute katikati.

Vilivyomo ndani ya boksi navyo vina hewa yao, na tundu la boksi halivisaidii. Dumu la mawese la lita 5 lililofungwa ziwani likiwa nusu litavuja zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu nusu ya juu ni hewa inayotaka kutanuka kwa asilimia 8. Lijaze, lakini acha nafasi ya vidole viwili: mafuta yenyewe hutanuka kwa joto, na lita 5 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka kama mililita 70. Weka nailoni nene chini ya kizibo, na lisimame wima. Ukirudi na dumu tupu lililofungwa kule juu, litabonyea; legeza kizibo tu. Mifuko isiyopitisha maji, ile ya kukunja mdomo, ikamue hewa kabla ya kufunga, ama sivyo mishono inafumuka kwenye mpando.

Tairi haihitaji chochote. Geji itaonyesha psi 1 zaidi ukifika juu, na mtu akiupunguza upepo huo ataurudisha tena bondeni.

Kiangazi adui ni vumbi jekundu, kwa hiyo kwenye ncha ya mpira wa petroli nachomeka kipande kidogo cha sponji, si cha kubana, na kukifua kinapobadilika rangi. Masika nakitoa, kwa kuwa sponji iliyolowa inaziba kama kizibo. Na pikipiki ikikaa bila kutembea, chungulia mdomo huo kabla ya kupakia: nyigu wanapenda kujenga humo kwa udongo, na udongo wao ukikauka hautoki kwa kupuliza. Waya wa breki hutosha kuusukuma nje.